Mkate kwa Jina la Wengine

Watu wengi hawaji ofisini kwangu kutafuta ushauri. Wanakuja kutafuta muhuri. Wameshasaini, wameshapeana mikono, wengine wameshagombana wakapatana wakagombana tena, na sasa wanataka lile duara la wino wa bluu likae juu ya karatasi ili jambo lionekane limekwisha. Nikiwauliza kama wamesoma walichosaini, wananitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama fundi cherehani anayeuliza kama nguo ni ya kuvaa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawahutubia. Siku hizi natoa muhuri kwenye droo, naupulizia, nagonga.

Kwa hiyo yule mama wa Kibondo alipoingia na mkataba ambao haujasainiwa, nilimshuku. Nilidhani amepotea njia, anatafuta duka la pembejeo. Ofisi yangu iko Kasulu mjini, nyuma ya duka hilo, na harufu ya dawa ya wadudu wa mahindi imeingia kwenye majalada yangu yote kiasi kwamba hakimu mmoja aliwahi kupiga chafya nilipomkabidhi hati. Nilisoma sheria Dar es Salaam nikiwa na nia ya kuwa jaji. Nilirudi nyumbani kwa muda tu, kusubiri mambo yakae sawa. Huo muda sasa una mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wakili?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni mzee zaidi."

"Nazeeka haraka, mama. Ukikaa kidogo utaniona."

Alikaa. Alikuwa mjane, umri wake umenizidi kama miaka kumi na mitano, amejifunga mtandio wa kijani kibichi, na mikononi, kuanzia kwenye viwiko kushuka chini, alikuwa na yale madoa madogo ya kuungua ambayo nimeyaona kwa waokaji wote. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa Ujiji aliyekuja Kibondo kufungua duka, lakini yeye mwenyewe ni Muha, mzaliwa wa Makere. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akioka mikate kwenye jiko la kuni nyuma ya nyumba yake. Alilisha vibanda vya chai, shule mbili, na wasafiri wa alfajiri. Mkate wake haukuwa na jina. Watu waliuita mkate wa mjane, na alikuwa hachukii.

Sasa kampuni moja ya mikate ya Dar es Salaam ilikuwa imeamua kupanda huku kwetu milimani. Haikutaka kuleta mikate, maana mkate ukisafiri kutoka Dar mpaka Kibondo unafika ukiwa kumbukumbu. Ilitaka kukodisha jina lake. Wewe unaoka nyumbani kwako, kwa mikono yako, ila kwa jina lao, rangi zao, unga wao uliochanganywa tayari, na jiko lao la umeme. Unawalipa kwa kuruhusiwa kuwa wao. Vitabu vya chuo vina jina refu la biashara ya namna hii. Mtaani wanaiita kukodi jina, na sijaona jina lililo bora zaidi.

Mkataba ulikuwa wa kurasa arobaini na moja, wote kwa Kiingereza. Nilikaa nao siku mbili. Mtu aliyeuandika alikuwa na kipaji, na kipaji hicho kilikuwa cha kuogopa. Kila tukio ambalo lingeweza kumpata mwanadamu lilikuwa limefikiriwa humo, na kila lilipofikiriwa, kosa lilikuwa la mwoka mkate. Mwishoni nilizungushia vifungu vitatu kwa kalamu nyekundu. Cha kwanza kilisema jina ni la kampuni, nayo inaweza kulichukua. Cha pili kilisema yeye ataoka na kuuza ndani ya mji wa Kibondo tu, wala hatampa mtu mwingine jina hilo bila ruhusa ya maandishi. Cha tatu ndicho kilichoninyima raha: mkataba ukivunjika, kwa sababu yoyote ile, hataoka mkate wa kuuza katika wilaya nzima ya Kibondo kwa miaka miwili.

"Hiki cha tatu waambie wakitoe," nilimwambia aliporudi.

"Nimeshawaambia. Wanasema kimechapishwa."

"Vyote vimechapishwa, mama."

"Ndiyo hivyo. Wanasema kikishachapishwa hakitoki."

Nilimweleza kwamba sheria yetu ya mikataba inasema makubaliano ya kumzuia mtu asifanye kazi yake halali ni batili. Nilimweleza pia, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa mkweli, kwamba jambo kuwa batili kitabuni na kuwa batili Kibondo ni vitu viwili, na kati yake kuna nauli na miaka. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Mimi, kwa elimu yangu, nikajua kwamba amechoka na haelewi. Basi nikatafuta mfano.

Hapo ndipo nilipokosea, tena nilikosea kwa madaha.

"Mama," nikasema, "unajua kugabirwa ng'ombe?"

Zamani hapa Buha, mtu mwenye ng'ombe wengi alimgabira asiye na kitu ng'ombe mmoja. Aliyegabirwa alimchunga, akanywa maziwa, samadi akaipeleka kwenye migomba. Lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe, na ukimkosea mwenyewe, siku moja anakuja na fimbo yake na kumswaga ng'ombe mpaka kwake, na wewe unabaki na kamba.

"Jina la hawa watu ndiye huyo ng'ombe," nikasema. "Maziwa ni yako. Ng'ombe si wako."

Mama alifumbua macho. "Kumbe ni hivyo."

"Ndivyo hasa."

"Basi mbona wameandika kurasa zote hizi?"

"Ndiyo kazi yetu."

"Baba yangu aligabirwa," akasema. "Kule Makere. Mimi nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka yule ng'ombe mpaka pembe."

"Basi unajua yote."

"Najua."

Nilijisikia vizuri wiki nzima. Nilikuwa nimeteremsha kurasa arobaini na moja zikaingia kwenye ng'ombe mmoja. Baadaye nilialikwa kuzungumza na wafanyabiashara wadogo kwenye ukumbi wa parokia, nikautumia mfano uleule, wakapiga makofi, na mzee mmoja akaniambia kwamba wasomi wote wangekuwa kama mimi nchi ingekuwa mbali. Sikumpinga.

Mama alisaini. Kwa mwaka mzima na zaidi mambo yalimwendea vizuri. Kila nilipokuwa na kesi Kibondo nilipita kwake, na nyumba yake ilionekana toka mbali, nyekundu na njano, kama soda. Alikuwa ameajiri wanawake wanne wa kukanda na kufunga. Mkate wenyewe, nikisema ukweli, ulikuwa mwepesi mno, ukiuminya unabaki umeminywa, na mimi niliupenda ule wa zamani uliokuwa na uzito na harufu ya moshi. Lakini mimi si soko. Watu walitaka mkate wa kwenye mfuko wenye maandishi, mkate ambao binamu yao Dar naye anakula.

Kisha siku moja, saa za asubuhi, simu.

"Wakili, mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, na sauti yake haikuwa na wasiwasi wowote. "Wamekuja kumchukua ng'ombe."

Nilisafiri siku ileile. Barua aliyonionyesha ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mkataba umevunjwa. Ndani ya siku kumi na nne aondoe jina na rangi, arudishe jiko na mifuko, na tangu siku hiyo asioke mkate wa kuuza wilayani kwa miaka miwili, kama alivyokubali. Sababu: mkaguzi wa kampuni amekuta mikate kwenye mifuko ya kampuni ikiuzwa gulioni Mabamba, kule mpakani, na alipouliza akaelekezwa kwenye nyumba moja yenye jiko, na kwenye jiko akamkuta mdogo wake mama, tumbo moja, akioka.

Wale wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, mikono mapajani, wananitazama mimi.

"Mama," nikasema, "nani alikuruhusu kufungua Mabamba?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema ni ng'ombe." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananikumbusha, kama unavyomkumbusha mtu alikoweka funguo. "Ng'ombe wa kugabirwa akizaa, unampelekea mwenyewe ndama. Akishampokea, yule anayezaliwa baada ya hapo ni wako. Unamweka, unamuuza, unampa ndugu yako. Baba alimpa mdogo wake. Mimi maziwa ya yule ndama nimeyanywa."

"Na wewe ukapeleka ndama."

"Mwaka ulipotimia. Asali, madumu mawili, asali ya porini kabisa, na gunia la maharage. Nimepeleka mwenyewe mpaka ofisini kwao Tabora. Wamepokea na karatasi wamenisainia." Akaitoa karatasi kwenye pochi. Ilikuwa imesainiwa kweli. "Ningewapa asali bure kwa nini, mimi ni nyuki?"

Mmoja wa wale wanawake akacheka, akajifunika mdomo.

Nilikaa chini. Nataka kueleza hapa ni nini nilichokuwa nakijua kuhusu kugabirwa ng'ombe siku ile nilipomfundisha. Nilikuwa najua aya moja niliyoiandika chuoni katika insha ya sheria za mila, na maneno machache ya babu yangu, ambaye hakuwahi kuwa na ng'ombe wala kupewa. Nilikuwa nimemsimulia nusu ya desturi, ile nusu iliyofanana na kifungu changu, halafu nikamwambia kwamba anajua yote. Naye alikuwa anajua yote. Kati yetu wawili ofisini pale, mmoja alikuwa amekulia kwenye harufu ya zizi, na si yeye aliyekuwa akitoa somo.

"Kosa ni langu," nikamwambia.

"Hilo tutalizungumza siku nyingine," akasema. "Sasa niambie. Jina wachukue, walikuja nalo. Jiko wachukue. Lakini kuoka nilikuwa naoka kabla hawajaijua Kibondo iko wapi. Hilo nalo wanalichukuaje?"

Nilimwomba tumwite mtu wa kampuni aje, tuzungumze kabla siku kumi na nne hazijaisha.

Watu wakiniuliza wakili anafanya nini hasa, huwa nataja mahakama, lakini sehemu kubwa ya kazi ni kungoja mtu afike. Mwenzangu mmoja anayefanya kazi Manyovu anasema wabadilisha fedha wa pale mpakani hawajamletea kesi hata moja tangu aanze, kwa sababu hawaandikiani kitu, na akivunja neno mmoja wao kesho yake hana wa kubadilishana naye. Tulipokuwa tunamngoja mtu wa kampuni nilijikuta nawaonea wivu.

Alifika siku ya tatu kabla ya saa sita mchana, afisa wa kanda, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati lenye nembo ya kampuni likiwa limekunjamana kwa safari ya kutoka Tabora, macho mekundu. Mama akamletea chai na kitafunwa kabla hajamuuliza chochote. Nilianza mimi. Nilisema kifungu cha tatu ni batili, nikataja sheria, nikasema maneno kama "masharti kandamizi". Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Wakili, mimi ni mtu wa mauzo," akasema. "Inawezekana ni batili. Lakini mkataba unasema mgogoro wowote unakwenda kwa msuluhishi, na msuluhishi yuko Dar es Salaam. Mama atakuwa anakuja Dar?"

Nilimchukia kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kwa sentensi moja kile nilichokuwa nimekizunguka mimi tangu mwanzo.

Mama ndiye aliyesema. "Mwanangu, ile asali ilikuwa nzuri?"

Kijana akainua uso. "Kumbe ni wewe mama wa asali?"

"Ni mimi."

"Ilikuwa nzuri sana, mama. Tuligawana ofisi nzima."

"Basi mmemla ndama."

Afisa akanigeukia. Ikabidi nimweleze habari ya ng'ombe, mwanzo mpaka mwisho, safari hii pamoja na ndama, mama akinisahihisha mahali pawili. Afisa alikuwa Msukuma, na Msukuma haelezwi ng'ombe mara mbili. Nilipofika kwa yule mdogo wa Mabamba alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Kwetu na sisi hilo lipo," akasema. "Unapewa ng'ombe ukae naye. Lakini mama, nikuulize bila kukukosea heshima. Kwenu ndama wa kubaki nao unamwondoa zizini kabla mwenye ng'ombe hajaja kumwona?"

Mama akaangalia meza.

"Hapana," akasema. "Unamwita aje aone. Baba alimwita."

"Sisi hukutuita."

"Sikuwaita. Nilipeleka asali nikaona imetosha. Hapo nimekosa mimi, si wakili."

Nilitaka kusema kitu. Afisa aliniinulia mkono kidogo, nami nikakaa kimya, na nadhani huo ulikuwa ushauri bora niliomlinda nao mteja wangu mwaka ule.

"Mnataka jina, chukueni," mama akaendelea. "Mdogo wangu ataacha kutumia mifuko yenu leo hii, nitampigia mkiwa hapa. Jiko lenu lile pale, limefutwa vizuri. Mimi naomba kuoka. Mkate wangu, si wenu. Hao wanne wana watoto."

Afisa alitoka nje na simu. Tulimwona dirishani akienda na kurudi kando ya barabara, mkono mmoja sikioni na mwingine ukimweleza mtu asiyemwona.

"Wakikataa?" mama akaniuliza.

"Tutakwenda mahakamani."

"Itachukua muda gani?"

Nilimwambia ukweli.

"Nitakuwa nimeshakufa."

"Hata mimi, mama."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanimiminia chai ambayo sikuwa nimeiomba.

Kijana alirudi akiwa anapangusa jasho. Wakubwa wamekubali kifungu cha tatu kifutwe. Hawakukubali kwa sababu ya sheria, alinieleza baadaye pembeni, wala kwa sababu ya ng'ombe. Aliwaambia kwamba mama huyu akizuiwa kuoka, mji mzima utamjua aliyemzuia, na hakuna atakayekodi jina lao tena kutoka hapo mpaka Kakonko. Masharti yalikuwa haya: jiko na mifuko virudi naye kwenye gari leo, maandishi ya ukutani yafutwe ndani ya wiki, na mama asitumie tena rangi nyekundu wala njano kwenye jengo la mikate. Habari ya asali haikutajwa na upande wowote.

"Andika," mama akaniambia. "Kwa Kiswahili. Na usiweke mfano."

Niliandika kwenye meza ya kukandia, karatasi moja, kwa mkono, unga ukinishika kwenye kiganja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotegemea. Kila sentensi niliyoianza ilitaka kuwa ndefu, nami niliikata. Nikamsomea. Akataka nisome tena. Nilipofika kwenye rangi akanisimamisha, akainuka, akatuita nje.

Alisimama mbele ya nyumba yake, akatoa ufunguo, akakwangua ukuta. Rangi ya kampuni ikabanduka kipande cha ukubwa wa kucha, kisha cha ukubwa wa kiganja. Chini yake kulikuwa na tofali la kuchoma, la udongo wa hukuhuku.

"Na hii?" akamuuliza afisa.

Kijana akainama akatazama. "Hilo ni tofali, mama."

"Rangi gani?"

"Ni jekundu. Lakini ni tofali."

"Wewe unajua ni tofali. Atakayekuja mwakani baada yako, na karatasi mkononi?"

Afisa alinitazama, nami nikatazama ukuta. Katika kurasa arobaini na moja hakuna mtu aliyekuwa amewaza matofali ya Kibondo. Tulirudi ndani, nikaongeza mstari: wekundu wa matofali ya nyumba hii si rangi ya kampuni. Mama akasema niandike pia "ya nyumba hii au nyingine atakayojenga". Nikaandika. Akanitaka nisome mara ya tatu, na safari hii alisikiliza macho yakiwa wazi, akifuata kidole changu kwenye karatasi.

Akasaini yeye, akasaini afisa. Wale wanawake wakasaidiana na dereva kulipakia jiko kwenye gari, na lilikuwa zito, ikabidi afisa naye avue saa yake ashike pembe moja. Gari lilipoondoka mama alizunguka nyuma ya nyumba. Jiko la kuni lilikuwa bado limesimama, kuku wamelifanya makazi, mlango wake wa bati umeliwa na kutu. Aliingiza kichwa ndani akaangalia juu, akagusa hapa na pale kwa vidole.

"Dari limepasuka," akasema toka ndani. "Litataka siku nne. Kuna fundi Kasulu kwenu anayejua majiko ya namna hii?"

Nilisema nitaulizia. Akatoka, akajikung'uta, akawaambia wale wanne waje Jumatatu na si kabla, kisha akaniuliza kama nitalipia nauli yangu mwenyewe ya kurudi, kwa kuwa kosa, kama nilivyosema, lilikuwa langu. Nikalipia.